Gari Lako Jekundu Bado Linachemsha, Mama

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba, ila tangu nijue kusema sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, na siwezi kuanza leo kwa sababu tu umelala kule nyuma ya nyumba karibu na baba. Nimekaa kwenye meza yako ya barabarani hapa Iguguno. Chupa za mafuta ya alizeti nimezipanga ulivyokuwa unazipanga wewe, kubwa nyuma, ndogo mbele, madumu chini kivulini. Leo wateja ni wachache, nikaona nichukue karatasi nikuandikie kuhusu gari lako.

Kaka Elia amepiga simu kutoka Dodoma. Jumamosi anakuja na mnunuzi. Huyo mnunuzi hana hata mpango wa kuliendesha, anataka kulikata auze vipuri, mlango huku, taa kule. Elia anasema gari likikaa bandani panya watakula nyaya zote, na kwamba hela yake ndiyo itakayojengea kaburi lako kwa marumaru, upendeze. Si neno baya hata kidogo. Mimi nikamwambia sitaki liuzwe. Akaniuliza, "Kwa sababu gani, Naomi?" nikasingizia mteja ameita. Yeye ndiye mkubwa, na wazee wa ukoo walimwachia yeye aamue. Kwa hiyo nimebaki na siku hizi chache kabla ya Jumamosi, na hasira zangu, na wewe wa kumwambia.

Unakumbuka jinsi ulivyotutangazia? Elia alikuwa amekuja likizo, tunakula ugali na mlenda, ukanawa mikono taratibu ukasema, "Nimepata gari." Elia akafurahi sana. Akadhani ni guta la kubebea magunia ya alizeti kutoka shambani kwenda mashineni. Ukamwambia hapana, ni gari la milango miwili, la spoti. Akauliza, "Sasa magunia yatakaa wapi, mama?" Wewe ukaendelea kujifuta mikono. "Magunia yatabaki nyumbani."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Elia hakucheka. Alianza kukuhesabia vitu vya maana unavyoweza kununua, bati, ng'ombe, mashine yako mwenyewe ya kukamulia, ukamwacha amalize. Halafu ukasema lile neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka hapa mezani natabasamu peke yangu: "Miaka yote nimekaa barabarani naangalia migongo ya magari ya watu. Na mimi nataka watu wauone mgongo wangu." Alipouliza kwa nini liwe la spoti, ukasema kama ni kuondoka, uondoke kwa haraka. Mama, wewe! Mjane wa Iguguno mwenye wajukuu, uliyejifunza udereva mjini Singida darasa moja na vijana waliokuwa wanakuita bibi.

Tulikwenda wote kuliona, pale Unyambwa. Lilikuwa limeegeshwa uani kwa yule kijana muuzaji, jekundu, limelala chini kabisa, kuku wamejificha kwenye kivuli chake. Nilidhani utauliza mambo ya injini. Ukasema, "Nionyeshe mafuta yake." Kijana akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakupa. Na wewe ukafanya kama ulivyozoea kufanya kwenye mafuta yetu ya alizeti kabla hayajaingia kwenye chupa. Ukachukua tone kwenye kidole gumba, ukasugua, ukanusa, ukainua kijiti juu kuelekea jua, ukafumba jicho moja. Nami nikainama kuangalia. Ukaniambia kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi, "Ona yalivyo safi. Unaona mpaka ngozi ya kidole. Hii injini imetunzwa."

Yule kijana akakusifia. "Mama, wewe umewahi kuwa fundi nini?"

"Mimi ni mtu wa mafuta," ukamjibu, na hapo nikajua tumeshanunua. Bei hukunitajia, na mpaka leo sitaki kuijua.

Lilikuja vizuri njia nzima. Ulikuwa umekaza shingo, hukutaka nikuongeleshe. Tulipokaribia Iguguno ulipunguza mwendo makusudi ili wenzako wa meza za mafuta wakuone, na kweli walisimama wote. Mama Paulo akapiga vigelegele. Na palepale, kwenye matuta, mbele ya kila mtu uliyetaka akuone, gari likakwangua tumbo na mvuke ukatoka kwenye boneti kama sufuria la ugali lililofunuliwa. Ulizima, ukabaki umeshika usukani unaangalia mbele. Nilifikiri unalia. Kumbe unacheka kimya kimya, mabega yanatikisika. Ukaniambia, "Walau mgongo wameuona."

Ulipompelekea fundi Hamisi kule Misigiri, alisikiliza injini, akashika bomba la rejeta, akatikisa kichwa. Gasketi imeungua, silinda hedi imepinda, injini inakula maji. Ukambishia. Ukamwambia mbona mafuta yalikuwa safi, uliyaona mwenyewe juani. Akakueleza kwa heshima, maana ni mtu mwenye adabu, kwamba muuzaji alibadilisha oili siku ileile au jana yake, na oili mpya ni safi hata kwenye injini iliyokufa. Alizeti mbovu haiwezi kutoa mafuta safi, mama, na wewe ulidhani injini nayo iko hivyo. Ukajipiga paja. "Na nimeuza mafuta umri wangu wote!"

Akakwambia inabidi kushusha injini, kutafuta hedi nyingine, na vipuri vya gari lile havipatikani huku kwetu, ni mpaka Dar, na hata vikipatikana hana uhakika. Nilikuona unawaza. Ukamuuliza, "Nikiliacha hivihivi?"

"Litakuwa linachemsha kila ukienda kidogo, mama. Utasimama, litapoa, utaongeza maji, utaendelea."

"Basi nitakuwa nasimama."

Nilikukasirikia siku hiyo. Nilitaka urudi Unyambwa ukamshike yule kijana shati, nilitaka twende polisi, nilitaka hata Elia apigiwe simu, ingawa nilijua atafurahi kupita kiasi. Wewe ulikuwa umeshawasha gari. Ulisema muda wa kugombana huna, kesho ni mnada Misigiri na una mafuta ya kupeleka.

Ndivyo ilivyokuwa kuanzia hapo. Kila mnada unapanga chupa kwenye buti, unafunga mkanda, unaondoka na gari la spoti ambalo hata baiskeli zilikuwa zinalipita. Mchungaji alikwambia kanisani, mbele ya akina mama wenzako, kwamba gari lile ni la vijana, ukamjibu, "Vijana wenyewe wako wapi, Mchungaji? Mbona ni mimi tu ninayewahi ibada?" Na ulikuwa unawahi kweli, kwa sababu uliondoka nyumbani alfajiri ili upate nafasi ya kuchemsha njiani.

Nataka nikwambie kitu ambacho sikukwambia ukiwa hai. Nilikuwa nasingizia kukusindikiza kwa ajili ya kubeba chupa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakufuata kwa ajili ya zile dakika za kusubiri injini ipoe. Nyumbani hukuwa na muda, mama. Nyumbani kulikuwa na mashudu ya alizeti ya kuanika, chupa za kuosha, mteja anayepiga honi. Ukiwa na gari limechemka, umekaa kwenye ukingo wa barabara, miguu umeinyoosha, huwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, ndipo ulipokuwa unaongea. Pale ndipo uliponisimulia namna baba alivyokuposa, alivyokuja na suruali ya kuazima inayomvuka viatu. Pale ndipo uliponiambia ulitaka kuwa nesi. Na siku moja, maua ya alizeti yamejaa pande zote mbili, ukaniambia bila hata kunigeukia, "Nilipojua nina mimba yako nililia. Nilikuwa nimechoka, Naomi."

Nikakuuliza, "Halafu?"

"Halafu ukaja. Ukawa unanikodolea macho usiku kucha, hutaki kulala mpaka nikuongeleshe. Nikasema haya, huyu amekuja kupiga stori."

Tukacheka sote wawili. Halafu ukainuka, ukagusa boneti kwa kiganja, ukasema limepoa, twende. Mimi nikatamani lingechelewa kidogo.

Maji ulikuwa unabeba dumu lako, lakini halikuwahi kutosha, hasa kiangazi. Ndipo ulipowajua watu wa njiani. Mimi nilimjua mmoja tu vizuri, Mama Mwajuma, yule ambaye nyumba yake iko peke yake karibu na barabara, na kuku wengi kuliko watoto. Mara ya kwanza alikuja mbio akidhani gari linaungua. Mara ya pili alikuja na maji. Baada ya hapo akisikia injini yako inakohoa anatenga dumu nje, hata hajatoka. Na wewe huwezi kuchukua maji ya mtu bure, na yeye hawezi kuuza maji kwa mtu aliyekwama. Mlibishana kweli kweli, yeye Kinyaturu, wewe Kinyiramba, mpaka mkakubaliana: yeye anatoa maji, wewe unaacha chupa ya mafuta, na hakuna wa kumwambia mwenzake asante.

Kuna kiangazi kimoja bomba lao lilikuwa limekauka wanafuata maji mbali. Tulipochemsha pale nilikuomba tusimgongee, tusubiri. Akatuona mwenyewe. Alikuja na dumu limefika nusu, nikajua ndilo la jioni, la kupikia. Ulikataa. Ukasema, "Mama Mwajuma, rudisha hayo." Akakuangalia kama unayemtukana. "Mimi nitachota tena. Wewe unataka kulala barabarani?" Akamimina mwenyewe kwenye rejeta, taratibu, hakumwaga hata tone. Wewe uliangalia pembeni. Mnada uliofuata hatukubeba mafuta mengi. Ulijaza maji kwenye madumu yote yaliyotosha buti na kiti cha nyuma, ukampelekea. Elia aliposikia aliniuliza kwenye simu kama una akili sawasawa, gari la spoti kubeba maji. Nikamwambia una akili kuliko sisi. Nilimjibu vibaya, lakini ndivyo nilivyokuwa nafikiri.

Ulipougua hatukudhani ni ugonjwa wa kukuchukua. Ulisema ni presha tu. Uliliegesha gari mwenyewe bandani, ukalifunika turubai, ukapanda gari la jirani kwenda hospitali Singida, ukaniagiza nisisahau kugeuza mashudu. Niliyageuza. Mama, niliyageuza kila siku mpaka waliponipigia simu.

Siku ya kukuzika watu walijaa. Ndugu wa Iramba, kanisa, wenzako wa meza za mafuta. Elia alikuwa getini anapokea wageni. Ndipo wakaja watu ambao hakuna aliyewajua, wengine kwa baiskeli, wengine kwa bodaboda, wanaume kwa wanawake, Waislamu kwa Wakristo, na kila mmoja ana dumu la maji. Unajua msibani maji yanavyohitajika, na siku hiyo yalikuwa yameshaanza kutuishia. Elia akawasalimia, akawauliza kwa upole, "Samahani, nyinyi ni wa upande gani? Wa mama au wa baba?"

Mama Mwajuma ndiye aliyejibu. "Sisi si wa upande wowote, baba. Tulikuwa tunampa maji."

Elia hakuelewa. Ilibidi nimvute pembeni nimweleze, na nilipokuwa naeleza nililia mpaka nikashindwa kumaliza. Wao walikuwa wameshapita jikoni kumimina kwenye mapipa. Ulizikwa na watu wote kuanzia hapa mpaka Misigiri, mama, na ni kwa sababu ya gasketi mbovu. Hilo ndilo nililotaka kumwambia Elia kwenye simu, nikashindwa. Ukisema kwa simu linasikika kama ujinga.

Nakukumbuka sana. Nakukumbuka asubuhi zaidi, nikifungua meza, maana mkono wangu unainua chupa juani kabla sijafikiri. Wenzako wananitania eti nimekuwa wewe. Nafurahi, halafu nasikia uchungu, vyote kwa pamoja. Nikirudi jioni napitia bandani naweka kiganja kwenye boneti. Ni baridi siku zote. Sitaki kuamka Jumapili nikute banda tupu na alama za matairi. Hiyo ndiyo sababu yote niliyo nayo, na Elia ana kaburi la kujenga.

Mteja amesimama, ngoja nimhudumie.

Nimerudi, mama. Nilidhani nitamalizia siku ileile, kumbe sikuweza. Leo ni Jumamosi na Elia amekuja.

Amekuja na mnunuzi, kijana mpole, alinipa pole ya msiba kabla ya kuuliza chochote. Niliwakaribisha chai. Sikusema neno kuhusu gari, kwa sababu nilijua nikianza nitagombana na kaka yangu mbele ya mgeni, na wewe hukutulea hivyo. Tukaenda bandani. Elia akavuta turubai, vumbi likaruka, na likaonekana jekundu vilevile. Mnunuzi akalizunguka, akagonga bodi, akafungua boneti, akauliza lina shida gani. Elia akamwambia linachemsha. Hakumficha, na nikamheshimu kwa hilo. Mnunuzi akasema shida hiyo yeye haimhusu, lakini Elia aliwashe kidogo, asikie kama injini inazunguka.

Elia akafungua mlango ili aingie. Unamjua alivyo mrefu. Akainama, akaingiza mguu mmoja, akashindwa. Goti liligonga usukani. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele kabisa, mpaka mwisho, na juu yake umekunja ule mto wako wa kitenge ili uone barabara. Hakuna aliyekaa pale tangu ulipotoka wewe.

Akapeleka mkono chini ya kiti kutafuta kile chuma cha kukirudishia nyuma. Akakipata, nilisikia kikilia. Halafu akatulia hivyohivyo, ameinama, nusu ndani nusu nje. Mnunuzi akamwambia, "Vuta tu kaka, kinarudi."

"Najua," Elia akasema.

Hakuvuta. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona mgongo wake unaanza kutikisika. Mama, wakati wa msiba Elia hakulia. Alipokea wageni, alipanga chakula, alishika koleo, hakulia. Leo amelia ameinama kwenye gari alilolikataa tangu siku ya kwanza, na mkono wake chini ya kiti chako. Baadaye akautoa mkono, akafunga mlango polepole. Akamgeukia yule kijana. "Ndugu yangu, nisamehe, nimekusumbua safari yote hii. Sitaweza."

Kijana akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akasema, "Nimeelewa, kaka. Poleni." Hakudai hata nauli.

Tulipobaki wawili, Elia alikaa chini, ameegemea tairi, na suruali yake nzuri. Akasema kaburi tutalijenga tukivuna, alizeti mwaka huu imekubali. Nikamwambia sawa. Akasema itabidi fundi Hamisi aje aangalie nyaya. Nikamwambia sawa, kaka. Halafu akauliza ni nani atakayeliendesha, maana sote wawili ni warefu kama baba, hakuna anayeenea pale bila kukirudisha kile kiti.

Jioni nilimsindikiza mpaka stendi. Basi liliposimama alinishika bega, akaniambia kile kiti nisikiguse peke yangu. Siku nikiona niko tayari nimpigie, atakuja, tukirudishe pamoja.

Basi mama, nakuacha upumzike. Msalimie baba.

Mwanao wa mwisho,
Naomi